Mtungi wa Mhina Bado Unangoja Maji

Mtungi bora kuliko yote niliyoiona katika kazi yangu uko sebuleni kwangu hapa Handeni, na haujawahi kutiwa maji. Una umri mkubwa kuliko baadhi yenu mtakaosoma haya. Siku ulipotoka motoni wafinyanzi wote wa Sindeni waliuona, na hakuna aliyeutia kasoro. Lakini kwao mtungi wa kwanza wa mfinyanzi hutiwa maji na mama yake mzazi. Mtu mwingine hana ruhusa hiyo, hata awe nani. Mama wa aliyeufinyanga huu alikataa, kwa sababu aliyeufinyanga alikuwa mwanawe wa kiume, na ufinyanzi katika nchi ile ni kazi ya wanawake.

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa keki na saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kidogo kwa mtu asiye na pa kuwahi tena. Mkaniomba niwaandikie jinsi kazi ya afisa utamaduni ilivyokuwa enzi zetu. Nimeona niwaandikie habari ya mtungi huu, kwa sababu nikiueleza vizuri nitakuwa nimeeleza na mengine.

Nilipofika Handeni mara ya kwanza, idara yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala, kabati lisilofungika, na Mzee Shemboza. Huyu alikuwa Msambaa wa Korogwe, mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za vumbi. Alikuwa amezunguka wilaya hizi mbili, Handeni na Korogwe, kwa baiskeli tangu kabla sijamaliza shule. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa redio kaseti kubwa ya kurekodia na bateri zilizokwisha. Akanionyesha namna ya kuzianika juu ya bati la moto ili zitoe nguvu iliyobaki. Hilo ndilo lililokuwa fungu letu la vifaa.

Alinifundisha mambo ya kushikika. Usiweke kinasa sauti mbele ya ngoma kubwa, kitasikia ngurumo tupu. Kiweke karibu na miguu ya wachezaji, njuga zitakueleza kinachoendelea. Usimkatize mzee anayekosea mwaka, mwaka utaupata kwingine. Na jambo moja ambalo sikulielewa hadi baadaye sana: "Ukifika mahali usiulize kiongozi wa ngoma ni nani. Huyo atakuja mwenyewe. Uliza nani haalikwi."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya Handeni yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo tulikuwa tumesahau majina yake. Ndoo za plastiki zilishuka kwenye malori kwa mamia, nyekundu na bluu, nyepesi, hazivunjiki. Sisi wa utamaduni tuliambiwa tuwahimize wananchi kuthamini sanaa za asili, na ndoo iliyokuwa ofisini kwetu ya kunawia ilikuwa ya plastiki. Kina mama waliokuwa wakiuza mitungi mnadani walianza kurudi nayo nyumbani. Serikali nayo ilipunguza mafungu, na mashamba ya mkonge ya Korogwe yakawa yanatafutiwa wanunuzi. Kazi yetu kubwa ikawa kutafuta ngoma ya kumpokea mgeni rasmi.

Kwenye kutafuta ngoma ya mgeni rasmi ndiko nilikokutana na Nyamizi. Alizaliwa binti, kambini, katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, baba yake akiwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge na hakurudi kwao. Alikuwa mpigaji ngoma ambaye hata wasiompenda waliacha kuzungumza alipoanza. Alivaa suruali ya kaki na koti la marehemu baba yake. Watu wa kambini walimwita Bwana Nyamizi, wengine kwa dhihaka, wengine kwa kuzoea, naye aliwaitikia wote kwa sauti ileile. Aliishi na Mama Rehema, mjane mpika chapati, na watoto wa Mama Rehema walimwita baba mdogo. Kambi ilikuwa imezoea jambo hilo kama inavyozoea king'ora cha kiwanda.

Shamba lilipouzwa, kambi ikatawanyika na mazoea yakatawanyika nayo. Vyama vingi vilikuwa vimeingia, kampeni zilihitaji ngoma, na kikundi chake kikaona kuna riziki. Walitaka sare: wanaume suruali, wanawake kanga. Walimwambia Nyamizi avae kanga au akae nyumbani. Alichukua ngoma zake, ambazo alikuwa amezichonga mwenyewe, akaenda nazo Makuyuni, hii ya Korogwe. Huko alijenga banda la miti ya mkonge na makuti kando ya barabara kuu, pale malori yaliposimama kupoza injini.

Nilipopita miezi michache baadaye nilimkuta si peke yake. Kulikuwa na mwanamke kutoka Dindira, milimani, aliyekuwa ametoroka ndoa na alipiga zeze, chombo ambacho kwao hushikwa na wanaume. Kulikuwa na mfugaji wa nyika za Handeni aliyetunga shanga kama mama zake, na ambaye rika lake lilimcheka mpaka akaondoka bomani. Kila mmoja alikuwa na jina alilopewa na watu wa kwao, na majina hayo siyaandiki. Nyamizi hakuwa na mkutano wala risala. Mgeni akifika alimwuliza anajua kufanya nini. Akishajibu, alionyeshwa sufuria.

Tulipowasajili kama kikundi cha sanaa, niliuliza wanaume ni wangapi na wanawake ni wangapi, maana ndivyo tulivyotakiwa kuuliza. Nyamizi aliendelea kukaza ngozi ya ngoma yake. "Andika watu," akasema. Nikaandika jumla.

Kwa nyinyi mlioko kazini sasa, mkitaka kujua banda lile liliwasaidiaje wale wasanii, nilichokiona ni kidogo na cha kawaida. Kulikuwa na jiko moja. Kulikuwa na mtu wa kukuuliza mnada ulikwendaje. Aliyepiga zeze alirekebishwa na mpigaji ngoma bila kuonewa haya, na wa shanga aliambiwa wazi rangi zikigombana. Mzee Shemboza aliniruhusu kuwapelekea kinasa sauti, vitambaa, hata bati la idara lililokuwa likioza bure. Jambo moja alinikataza. Wakati huo wafadhili na wageni walianza kupita wakitafuta mambo ya kupiga picha. Akasema, "Wakipiga ngoma nzuri, walete. Lakini usiwalete watu waje kuwatazama wao."

Mhina alikuja bandani wakati wa kiangazi, kutoka Sindeni, akiwa na mfuko wa rambo na gunzi la mahindi. Gunzi lilikuwa la kukwangulia vyungu. Alikuwa kijana mrefu wa sauti ya chini, kanga begani, na mwendo ambao watoto wa njiani waliuigiza. Bibi yake alikuwa mfinyanzi, mama yake pia. Alipokuwa mdogo alikaa miguuni mwa bibi akifinyanga ng'ombe na vikombe, na hakuna aliyejali. Sauti ilipovunjika akafukuzwa. Akaendelea kujificha vichakani. Nilipomwuliza kwa nini asichague kazi nyingine isiyo na ugomvi, alitazama mikono yake. "Bwana Utamaduni, mimi sijui nimewekwa upande gani. Hii mikono ndiyo inajua, na imekataa jembe."

Hapo bandani alifinyanga kwa udongo wa kichuguu, na vyungu vyake vilipasuka. Umbo lilikuwa zuri, lakini moto ulikuta udongo usio na nguvu. Udongo wa kufaa ulikuwa Sindeni, katika shimo lililo bondeni nyuma ya mashamba. Na shimo lile lina sheria. Mwanamume halikaribii. Wanawake huenda pekupeku, huzungumza kwa sauti ndogo, na kwanza hunyunyiza unga kidogo. Msichana anayeanza hupelekwa na mwanamke wa ukoo wake, ambaye atamjibia likitokea baya. Mwanamume akipita, huaminiwa kwamba vyungu vyote vya msimu huo vitapasuka motoni.

Basi Mhina akawa anapasua vyungu Makuyuni, na ikatokea Sindeni nao wakapasua. Msimu ule kuchoma kwao kulikwenda vibaya, tena ukiwa msimu ambao ndoo za plastiki tayari zilikuwa zimewaminya. Maneno yakaenea kwamba Mhina alionekana karibu na bonde. Hakuwa ameonekana, alikuwa Makuyuni, lakini jambo likishapata mwenyewe halitafuti ushahidi. Kina mama wakatuma ujumbe wilayani. Walitaka kikundi cha Makuyuni kimtoe Mhina, na Mhina aape kuacha udongo kabisa.

Nilikaa kuandika barua. Nilikuwa nimefika kwenye aya ya haki sawa kwa raia wote Mzee Shemboza aliposimama nyuma yangu akasoma. Akaniuliza barua hii itamfikia nani, udongo? Akaniambia nifunge kalamu niende Sindeni nikasikilize.

Kiongozi wa wafinyanzi alikuwa Bi Mwajabu, Mzigua mnene mwenye macho ya usingizi ambayo hayakupitwa na kitu. Alinipokea uani, wenzake wakiwa kwenye mikeka. Aliyezungumza zaidi hakuwa yeye bali mama yake Mhina, aliyekaa wima karibu na mlango. Nilikuwa nimetegemea hasira. Alisema polepole, kama mtu aliyefikiri muda mrefu. "Mimi nilizaa mtoto wa kiume. Baba yake alimpa jina akafa. Mkimwingiza shimoni kama binti, mnaniambia yule niliyemzaa hayupo. Sasa nimzike nani?"

Nilirudi Makuyuni nikawapa habari kama nilivyozisikia. Mhina alisikiliza, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Nyamizi aliniuliza swali moja tu. "Huyo Bi Mwajabu ni Mzigua wa kuzaliwa?" Nikasema ndiyo. Akavaa koti.

Wasomaji wa huku hawahitaji kuelezwa, lakini wako wenzetu wa mikoa mingine. Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani huingia nyumbani kwako akajichukulia kuku, akakutukana mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kwenye msiba ndiye anayefanya yale ambayo wafiwa hawawezi kuyafanya. Na kitu ulichokitupa, mtani akikiokota, kimekuwa chake.

Tulifika Sindeni mchana, mimi, Nyamizi, na Mhina akiwa nyuma yetu. Nyamizi hakubisha hodi. Aliingia uani kwa Bi Mwajabu, akaondoa sufuria ya maharage motoni, akaketi kwenye kigoda cha mwenye nyumba na kuanza kula kwa mwiko.

"Maharage yenyewe hayana chumvi," akasema. "Wazigua mtakufa kwa ubahili."

Bi Mwajabu alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Hili koti limetoka kwenye kaburi gani? Wanyamwezi mnafukua wafu siku hizi?"

"La baba yangu, aliyekata mkonge nyinyi mmelala. Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Mali gani uliyo nayo hapa?"

"Huyu." Alimwonyesha Mhina kwa mwiko. "Nimesikia mmemtupa. Mimi nimemwokota. Kesho namleta shimoni kama binti yangu, na mimi ndiye nitakayemjibia."

Mmoja wa kina mama akasema kwa sauti ndogo kwamba yule ni mwanamume.

"Mwanamume?" Nyamizi akageuka. "Basi mwozeshe binti yako leo, mahari natoa mimi. Haya, leta binti." Mama yule akajifunika mdomo kwa kanga na mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kikapita kwenye mikeka, isipokuwa kwa mama yake Mhina, ambaye aliinuka, akakunja mkeka wake, akaondoka bila kuaga.

Bi Mwajabu alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Kisha akazungumza bila utani. Alisema mtani hakataliwi, hilo linajulikana. Lakini Mhina atafuata sheria zote za shimo, hata zile ngumu. Na vyungu vikipasuka, Nyamizi atakuja kuvililia kama watani wanavyolia msibani, mbele ya kijiji kizima. Nyamizi alirudisha sufuria motoni. Akasema amekubali, ila msiba wa Wazigua huwa hauna wali wa kutosha.

Kesho yake niliambiwa nikae barabarani, nami nikakaa. Niliwaona wakishuka bondeni na vikapu, Nyamizi pekupeku, suruali ameikunja hadi magotini, Mhina nyuma yake, kanga kiunoni. Siwezi kuwaambia kilichofanyika shimoni kwa sababu sikukiona, na afisa yeyote mwanamume atakayewaeleza anabuni. Nililoliona ni walipopanda. Mhina alikuwa na kikapu cha udongo kichwani na ngata ilikuwa imemteleza. Yule mama aliyesema kwa sauti ndogo kwamba huyu ni mwanamume alisimama, akamwambia ainame, akaiweka sawa. Halafu wakaendelea kutembea.

Siku ya kuchoma, wanaume huruhusiwa kukaa mbali, upande ambao moshi unaelekea, ambayo ni namna ya kutuambia twende zetu. Nilivumilia moshi. Vyungu vilipangwa, vikafunikwa kuni na nyasi kavu, moto ukawashwa. Majivu yalipopoa kidogo vikaanza kutolewa kimoja kimoja, kila kimoja kikigongwa kwa kidole na kusikilizwa. Vingi viliitika. Kimoja kilitoa sauti ya kigae, na kilikuwa cha Bi Mwajabu mwenyewe. Nyamizi hakungoja kuitwa. Alijitupa chini, akapiga ukunga, akakililia kile chungu kwa jina, akakitaja kuwa mtoto wa watu wema aliyekufa kwa sababu mama yake alimnyima chumvi. Bi Mwajabu alicheka mpaka akakaa chini. Habari ya nani alipita wapi bondeni iliishia hapo.

Mtungi wa Mhina ulitoka wa mwisho. Shingo ndefu kidogo kuliko desturi, tumbo limekaa sawasawa, na ndani ya mdomo alama ndogo ya kidole gumba. Ulipita mikono yote. Bi Mwajabu aliugonga, akasikiliza, akaugonga tena kwa starehe tu. Kisha wakaupeleka kwa mama yake, kama unavyopelekwa mtungi wa kwanza wa binti yeyote, kwa wimbo na vigelegele. Mhina aliubeba mwenyewe.

Mlango ulikuwa umefungwa. Moshi ulitoka jikoni. Wimbo uliimbwa mpaka mwisho ukarudiwa, kisha ukafifia. Nyamizi alitaka kuusukuma mlango, lakini Bi Mwajabu akamshika koti.

"Mtani anaingia kila mahali," akamwambia. "Hapo haingii."

Tulikaa pale hadi jua likashuka nyuma ya mihogo. Mhina alipiga magoti akauweka mtungi karibu na kizingiti, akangoja, kisha akauinua tena. Alisema mbuzi wangeuvunja. Ukaanza mjadala wa nani auweke. Bi Mwajabu hakuweza, angeonekana amejifanya mama. Bandani Makuyuni malori yalitikisa kila kitu. Mwishowe wakaamua uje kwangu, kwa sababu, Bi Mwajabu alisema, nyumba ya serikali haina ukoo.

Banda la Makuyuni liliishi miaka kadhaa. Mitungi ya Mhina iliuzwa kwa wasafiri, na kina mama wa Sindeni wakaanza kuleta ya kwao pale pale, wakilala bandani siku za mnada na kulalamikia upishi. Watu wawili watatu walipita wakisema banda lile ni la aibu. Walimkuta Bi Mwajabu mlangoni amekaa na mitungi yake, wakaona wana haraka. Mwishowe kiwanja kilinunuliwa na mtu aliyetaka kujenga kituo cha mafuta, na sisi wa idara hatukuwa na nguvu ya kuzuia. Wa shanga alikwenda Arusha. Mhina na mpiga zeze walipanda Dindira, wana nyumba mbili jirani, na vijana huwafuata huko kutoka sehemu ambazo hawaalikwi. Nyamizi alifariki akiwa na Mama Rehema. Wazigua wa Sindeni walikuja mazikoni na kuiba sufuria ya wali, kama inavyotakiwa, na Bi Mwajabu ndiye aliyesema azikwe na koti lake.

Nilihama nyumba ya serikali nilipojenga, na mtungi nikahama nao. Mke wangu huupangusa vumbi. Kila kiangazi Mhina hushuka Sindeni na kina mama kuchimba udongo. Njia hupita mbele ya nyumba ya mama yake. Huamkia akiwa njiani, huitikiwa kutoka ndani, huendelea.

Mwezi uliopita mama huyo alikuja kwangu. Ni mzee sana sasa, alikuja na mjukuu wa jirani, na ndoo ya plastiki yenye mahindi mabichi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanywa chai. Kisha akauliza kama ule mtungi haujapasuka. Nikampeleka alipo. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya mdomo wake, akatafuta kwa vidole mpaka akaipata ile alama ya kidole gumba.

"Mama yangu ndiye aliyekuwa akiacha alama hivi," akasema.

Alikaa hapo mkono ukiwa ndani. Aliuliza maji yetu yanatoka wapi, nikamwambia bombani, yakitoka. Akasema ya kisima ni bora kwa mtungi. Halafu akasema jua linakwenda, akaaga.

Mke wangu alitoa mahindi, akaiosha ile ndoo, akaiweka karibu na mlango, maana bibi aliondoka bila kuidai na hakusema atakuja kuichukua lini. Kiangazi kimekaribia, Mhina atashuka. Mama yake hakunituma nimwambie kwamba alikuja, wala hakunikataza. Ndoo bado iko pale mlangoni.